Kware wa Demea

Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu. Jioni ile wageni walikuja, nami mwenyeji nikaugua.

Ilikuwa zamu yetu kuwalisha wenzetu walioamini, hapa Antiokia. Mume wangu, Demea, hutega kware vilimani. Alileta kumi na wawili, nikawakaanga kwa mafuta ya zeituni. Nyama ya hekaluni sikununua. Soseji ya damu sikupika. Nilijua barua ya mitume kutoka Yerusalemu imezikataza.

Mama Tirsa, jirani yetu Myahudi aliyeamini kabla yetu, alimega mkate. Kisha akawatazama kware.

"Demea, hawa walikufaje?"

"Kwa kitanzi, Mama! Hawakupiga hata kelele. Kisu hakikuwagusa."

Mama Tirsa aliurudisha mkate taratibu. Wayahudi wenzake nao wakaacha kula.

Arkelao, muuza mafuta, akaruka. "Nikaso! Barua ilisomwa mbele yako. Ulikuwa umelala? Omba radhi!"

Nilitamani ardhi inimeze. Tulikuwa tumeahidiana meza moja, Wayahudi nasi tusio Wayahudi. Sasa nusu ya meza ilikaa na njaa, nusu ikatazama sakafu.

"Mwache," alisema Mama Tirsa. "Mwanangu, barua ilitaja pia vilivyonyongwa. Kitanzi hunyonga. Damu yote hubaki nyamani, na damu ndiyo uhai. Uhai ni wa Mungu. Sisi tumelelewa hivyo tangu titi la mama. Ukiila mbele yangu, nitakaaje nawe?"

"Nisamehe, Mama. Nilidhani damu ni ile ya kwenye soseji tu."

Akacheka. "Mimi nimekosea mangapi kwenu! Lete dengu."

Usiku huo Demea alinung'unika. "Baba yangu alitega kwa kitanzi. Babu pia."

"Na walikula na nani?" nikamuuliza.

Kesho yake Demea akaanza kufuma wavu. Kware wakanaswa wakiwa hai. Mama Tirsa akamwonyesha: kata shingo, mwaga damu ardhini, ifukie kwa udongo.

Zamu yetu iliporudi, Mama Tirsa alikula kware wawili na kulamba vidole. Meza yote ilikula.

"Afadhali," alisema Arkelao. "Lakini mimi bado hujaniomba radhi. Ulitaka kunitia unajisi."

"Bwana Arkelao, barua inakataza mambo mangapi?"

"Manne. Vya sanamu, damu, vilivyonyongwa..." Akaanza kumega mkate.

"La nne?"

"Zinaa," alisema Demea, mdomo umejaa.

"Mkeo hulia kwenye tanuri langu," nikamwambia Arkelao, "kila ukienda kwa yule mwanamke wa karibu na bafu la mji. Wewe unakagua shingo za kware. Wewe nani akukague?"

Arkelao alitoka kwa haraka, kiatu kimoja mkononi.

Mwezi mzima hatukumwona. Kisha akaja na mkewe, wakaketi bega kwa bega. Kwa yule mwanamke haendi tena. Mkewe aliniambia mwenyewe tukikanda unga, na safari hii alikuwa anaimba.

Baada ya kula, Arkelao aliniinamia.

"Nimeacha, Nikaso. Lakini uliniaibisha mbele za watu. Niombe radhi."

Nikamwekea kware wa pili.

"Kwa kile kitanzi nilishamwomba radhi Mama Tirsa. Kwa lile lako, Bwana Arkelao, siombi. Kula."