Tukuite Mama Nani?

"Sasa wewe, tukuite mama nani?"

Swali hilo Mama Tryphosa alimuuliza Marion mchana mmoja kwenye kamba ya nguo. Kwa miaka minne ploti nzima pale mtaani Munyaka ilimwita Mama Adero. Sasa alikuwa amekataza. Jina la Adero lisitajwe mlangoni pake, si kwa mtoto, si kwa mama wa mtoto.

"Niite tu Marion."

"Marion ni ya kitambulisho," Mama Tryphosa alisema huku akianika shuka. "Na mtoto?"

"Muite tu mtoto."

Mama Tryphosa alikuwa mjane, jirani wa mlango wa tatu. Ndiye aliyefagia kanisa kila Jumamosi. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliangalia tu. Na alichoona ni msichana mdogo ameketi kizingitini, kimya, kama mgeni ambaye hajakaribishwa.

Mambo yalianza na simu. Marion alishona sare za shule nyumbani. Cherehani hutaka miguu na mikono, masikio hubaki bure. Basi aliegemeza simu kwenye kikombe na kusikiliza mijadala ya dini ikienda laivu. Wahubiri wawili, kila mmoja na upande wake wa kioo, wakikabana kwa mistari. Mwanzoni alifurahia. Hata alijifunza mengi.

Siku moja walibishana juu ya majina ya wafu.

"Ukimpa mtoto jina la marehemu," mmoja alipaza sauti, "umemfungulia marehemu mlango. Siku ukiita hilo jina, nani anaitika?"

Mguu wa Marion ukasimama.

Adero alipozaliwa, alilia siku tatu. Wazee wa kwao Ouma, mume wake, walifanya kama Wajaluo wafanyavyo. Walimtajia mtoto majina ya jamaa waliotangulia, moja baada ya jingine. Walipofika "Adero," jina la marehemu mama yake Ouma, mtoto alinyamaza ghafla. Siku ile watu walicheka kwa furaha. Sasa Marion aliukumbuka ule ukimya, akajiuliza ni nani aliyeitika.

Kesho yake simu ilimletea mjadala mwingine wa majina. Keshokutwa, mitatu. Hakuitafuta. Ilikuwa kama simu imejua jina la nani limelala katika nyumba ile.

"Mama yangu ndiye alikufundisha kupika samaki," Ouma alimwambia kwa hasira. "Leo amekuwa pepo?"

Marion alimshika mtoto mabega. "Ukisikia mtu anaita Adero, usiitike. Si wewe wanaita."

Mtoto alimwangalia, kisha akainamisha kichwa kukubali.

Wiki mbili zikapita. Alasiri moja Marion alisikia sauti ndogo kwenye kona ya mabaki ya vitambaa. Mtoto alikuwa peke yake, ameviringisha kitambaa cha bluu mkononi.

"Unaongea na nani?"

"Adero."

"Adero ni nani?"

"Ni ule mtoto wako alienda," msichana alisema polepole. "Mimi nimebaki."

Marion akaingia kwenye mjadala wa simu, akaandika: *Mtoto wangu anaongea na jina lake. Nifanye nini?* Maandishi ya watu yakapita mbio kama maji. Mtu mmoja asiyejulikana akamjibu: *Mtoe huyo mtoto kwa nyumba kabla hajamaliza watu.*

Marion aliiacha cherehani na uzi wake, na mtoto pale konani, akakimbia kwa Mama Tryphosa. Alimweleza yote, machozi yakimtoka.

"Keti," mjane alisema. "Mzee wangu alipokufa, mimi pia nilisikiliza hao. Walikuwa wanabishana wafu wako wapi. Mwaka mmoja nilibadilisha kanisa mara tatu. Nilikuwa naamini kila mtu aliyeongea mwisho."

"Wewe, Mama?"

"Mimi huyu. Mpaka binti yangu anayefanya kazi saiba, kwenye duka la intaneti, akanionyesha. Hiyo mijadala hailetwi na pepo. Ukikawia kwa kitu cha kukuogopesha, simu inafikiri unakipenda, inakuongezea. Na hao wawili wanatupiwa zawadi za pesa na wanaotazama. Mwenye kelele ndiye anatupiwa nyingi. Sisemi wote ni waongo. Kuuliza si dhambi. Lakini huyo amesema umtoe mtoto, anakujua?"

"Hapana."

"Anajua mtoto anakula nini?"

"Hapana, Mama."

"Basi soma sura nzima wewe mwenyewe, usimeze mstari uliokatwa. Uliza mchungaji wako. Ongea na bwanako. Na usibadilishe kitu cha nyumba ukiwa na hofu."

Mvua ya mawe ikaanza kupiga mabati, wasisikilizane tena. Ilipokatika, Marion alirudi kwake. Kizingiti kilikuwa kitupu. Nyumba ilikuwa tupu.

Nyuma ya ploti kulikuwa na shamba la mahindi, na nyuma ya mahindi shimo la zamani la kuchimba mawe, limejaa maji. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka chini.

"Mtoto! We mtoto!" wanawake wa ploti waliita.

Kwenye kila mlango, mtoto wa mtu alichungulia. Wote waliitika, isipokuwa wa Marion.

"Mwite jina," Mama Tryphosa alisema.

"Na kama akiitika mwingine?"

"Marion! Shimo limejaa!"

Marion alifungua mdomo. Jina lilikuwa zito kama jiwe.

"Adero!"

Bua moja la mahindi likatikisika, na hakukuwa na upepo. Sauti ndogo ikatoka ndani ya ukungu, karibu kabisa na shimo.

"Si mimi unaita."

"Ni wewe! Ni wewe naita, Adero wa mama. Mama alikosea."

Mahindi yakafunguka. Msichana akatoka ametota, kiatu kimoja mguuni, kitambaa cha bluu mkononi.

Jumapili, Marion na Ouma walimwuliza mchungaji maswali yote. Mengine aliyajibu. Mengine alisema hayajui, wayatafute pamoja. Marion alishangaa. Kwenye simu hakuwahi kusikia mtu akisema hajui. Walisoma, waliomba, wakakubaliana: jina litabaki, ni kumbukumbu ya mama mwema. Mijadala Marion aliisikiliza mara moja moja, Ouma akiwapo, Biblia ikiwa wazi mezani. Na pale kwenye kamba ya nguo akawa tena Mama Adero.

Lakini mtoto hakupona upesi. Akiitwa, kwanza alimtazama mama yake.

Jumamosi moja Marion akishona, simu iliwaka yenyewe kwenye kikombe. *Mjadala mkali sasa hivi: majina ya wafu.* Mguu wake ukasimama. Wakati huohuo, sauti za watoto zikaita nje.

"Adero! Adero!"

Msichana aliinua kichwa kutoka kwa vitambaa. Akatazama simu, akamtazama mama yake, akangoja.

Marion aliilaza simu kifudifudi. "Wanaita nani?"

"Mimi," Adero alisema.

Akakiacha kitambaa cha bluu sakafuni, akavuka kizingiti, akatoka.