Vali Iliyosikia

Amplifaya ilikohoa saa nane mchana, kabla gitaa lolote halijachomekwa.

Fundi aliweka chini chuma cha kulehemu, akaitazama. Kikohozi kilikuwa cha mkewe, aliyekuwa chumba cha pili akikunja nguo. Kilipenya ukutani, kikaingia kwenye kioo cha vali, kikatokea kwenye spika kikiwa kikubwa mara kumi. Mkewe alichungulia mlangoni, akauliza kama siku hizi na mashine zinaugua kifua. Fundi akacheka. Alijua sababu, au alidhani anajua.

Alikuwa akimjengea mpiga gitaa mmoja amplifaya ya kizamani, ya vali, zile taa za kioo, iliyounganishwa kwa mkono waya mmoja baada ya mwingine. Mpango wake si mgumu kuuelewa. Gitaa hutoa sauti ndogo kama mnong'ono. Vali ya kwanza huipokea na kuikuza, ya pili huiongezea nguvu, na zile mbili kubwa za mwisho huisukuma kupitia transfoma hadi kwenye spika. Vali ya kwanza ndiyo sikio. Ikiwa mbovu husikia yasiyoihusu: hatua za mtu, mlango, kikohozi. Ndiyo maana mafundi wa kazi hiyo huigonga kwa penseli kwanza. Ikilia ting kwenye spika, hutupwa.

Hii ililia, na fundi hakuitupa. Alikuwa ameichomoa kwenye redio kuukuu aliyoipata kwa muuza chakavu, ambaye alimwambia kwa mzaha kwamba redio imetoka kwenye nyumba ya watu wasiosema. Lakini alipochomeka gitaa, kwa vali ile liliomboleza kama mtu aliyefiwa, na katika miaka ishirini ya kazi hakuwahi kusikia utamu wa namna hiyo. Sikio la kufa halisikii dawa.

Binti yao walimwita Chiriku, kwa sababu hakuwa amenyamaza tangu ajue kusema. Alikuwa na miaka kumi na moja. Akitoka shule alikaa kwenye kigoda kando ya meza ya kazi, akaimba, akasimulia ya darasani, akajibu maswali ambayo hakuulizwa. Wiki ile vali ilikuwa inawaka muda wote. Siku ya tatu sauti yake ikaanza kukwaruza. Siku ya tano ikawa mnong'ono. Siku ya saba alifungua mdomo kumwomba mama yake maji, kisitoke kitu.

Daktari alimmulika koo, akasema ni zima. Akamulika tena, akasema ni zima kabisa.

Waliporudi nyumbani fundi aliingia karakana. Mashine ilikuwa imezimwa tangu asubuhi na waya wake umechomolewa ukutani. Palinuka nywele zilizoungua. Akasimama, na spika ikasema taratibu, kwa sauti ya Chiriku: "Mama, naomba maji."

Mkewe akaja mbio na kikombe. Alimkuta mumewe peke yake. Kikombe kikamponyoka.

Mganga waliyemwendea alikuwa mama mfupi asiye na haraka. Alikuja mwenyewe, akainusa mashine kama mtu anayenusa maziwa yaliyolala, akauliza kila kilichotokea. Kisha akamgeukia fundi.

"Ulijua kwamba inasikia?"

"Nilijua."

"Na ukaiacha."

Mganga akaeleza kwamba jini lililoiba sauti halikai kwenye kioo; kioo ni mlango tu. Akataka kujua ni kitu gani mle ndani hubaki kimejaa hata mashine ikizimwa.

Fundi alikijua. Ni kapasita, vile vikopo vya kuhifadhi umeme, ambavyo huweza kumuua mtu muda mrefu baada ya swichi kuzimwa. Mchoro wa zamani haukuwa na rezista, kizuizi kidogo cha kuvimwagia umeme wake polepole, naye aliufuata mstari kwa mstari. Wanafunzi wake alizoea kuwaambia: umeme haufi, huhama.

"Basi limwage likiwa linasema," mganga alisema. "Lilichokiiba litakitapika mwisho. Mtoto awe karibu. Na likikuomba usilihurumie. Mimi najua majini. Ya waya unayajua wewe."

Fundi akawasha. Vali zikapata wekundu, harufu ya nywele ikapanda, na Chiriku akashika ukingo wa sanduku la chuma la mashine kwa mikono miwili. Fundi alibana ncha moja ya waya wa rezista kwenye chuma cha sanduku, akazima swichi, akaipeleka ncha ya pili kwenye kapasita.

"Baba," spika ilisema, "usinizime."

Mkono wake ukasita, kwa maana ilikuwa ndiyo ile sauti iliyomwita mlangoni kila siku kwa miaka mingi, na sasa ilimwambia kwamba huku ndani kuna giza, kwamba huyo aliyesimama hapo si yeye, kwamba baba gani humwaga mwanawe kama maji machafu, na huku ikisema hivyo mtoto mwenyewe alitikisa kichwa, machozi yakimtiririka, akimwomba kwa macho aendelee, mpaka fundi akafumba yake, akagusanisha.

Cheche ikaruka. Sauti ikaanza kuzama, ikiita baba, ba, b. Vali zikafifia.

"Baba," akasema Chiriku, kwa mdomo wake.

Mama mtu akakaa sakafuni, akalia. Fundi aliichomoa vali akaiponda kwa nyundo, na mganga akaondoka bila kuaga, kama desturi ya kazi yake.

Siku tatu nyumba ilijaa nyimbo. Siku ya nne walikuwa wakinywa chai, fundi akakoroga sukari, kijiko kikagonga kikombe.

Ting, ikalia upande wa pili wa meza.

Chiriku alikuwa akitafuna mkate. Midomo yake ilikuwa imefungwa.

Fundi akakumbuka mahali alipoibana ile ncha ya kwanza ya waya, na mikono iliyokuwa imeshika chuma kilekile. Akachomoa penseli iliyokuwa nyuma ya sikio lake. Akagonga meza, polepole, mara moja.

Ting.

Mkewe aliinua macho, akamtazama binti, akamtazama mumewe. Hakuna fundi wa kazi hiyo asiyejua vali iliayo hivyo hufanywa nini.

Fundi akairudisha penseli nyuma ya sikio.

"Kunywa chai, mwanangu," akamwambia. "Inapoa."