Nyongeza Niliyoiomba kwa Fundi

Nina miaka arobaini na nne, mgane, baba wa binti mmoja. Kazi yangu ni udalali wa mahindi hapa Kibaigwa. Kama umewahi kupita barabara kuu ukaona malori yamejipanga na mwanamume mwembamba anabishana na kila dereva, huenda ni mimi. Isipokuwa siku moja, sijawahi kununua kitu kwa bei ya kwanza niliyotajiwa. Hata jeneza la mke wangu niliomba lipunguzwe... na likapunguzwa.

Nayasema haya mapema, wasomaji wenzangu, ili msije mkanionea huruma kabla hamjajua anayestahili huruma ni nani.

Mke wangu, Yunisi, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Binti yetu, Nyemo, alizaliwa haoni, na anasoma bweni Buigiri. Kwa mtoto kama huyo, picha ya mama ukutani ni kioo tu chenye fremu. Sura ya mama yake ni sauti.

Yunisi alipoambiwa hospitali kwamba ugonjwa umeshasambaa mwilini, hakulia mbele yangu. Alianza kujifungia chumbani mchana, mimi nikiwa sokoni, na kompyuta mpakato yake mezani. Nilidhani anasahihisha mitihani. Kumbe alikuwa anajirekodi.

Alikuwa anamrekodia Nyemo maisha yote yaliyobaki. Kila rekodi aliipa jina lake. Ukivunja Ungo. Ukimaliza la Saba. Ukigombana na Rafiki. Jinsi ya Kupika Mlenda. Siku ya Harusi. Moja aliiita Kuhusu Baba Yako. Zilikuwa ishirini na sita.

Akaniapisha. Kila moja ifunguliwe kwa wakati wake, na wa kwanza kuisikia awe Nyemo.

"Usitangulie kusikiliza, Baba Nyemo," aliniambia. "Nakujua wewe. Utaanza kupunguza."

Nilicheka. Naye alicheka, kisha akakohoa kwa muda mrefu.

Aliniomba pia ninunue flashi nizinakili rekodi hizo, zisikae mahali pamoja. Flashi za Kibaigwa niliona zina bei ya kitapeli. Nikamwambia nitanunua Dodoma mjini, kule zinapatikana kwa bei ya maana. Dodoma nilikwenda, tena na tena. Kila mara bei haikunipendeza.

Yunisi akafa. Kompyuta ikabaki kabatini, nimeifunga kwenye kitenge chake.

Rekodi ya kwanza ilifunguliwa Nyemo alipovunja ungo. Nilimbonyezea, nikatoka nje haraka, maana yale hayakuwa ya masikio yangu. Nilisimama uani nikijifanya natazama mbuzi wa jirani. Alipotoka, alikuwa anacheka huku machozi yanamtiririka. "Mama bado ana utani," akasema. Tangu siku hiyo akawa anaishi kwa kuhesabu ni lini ataisikia inayofuata.

Inayofuata ilikuwa Ukimaliza la Saba.

Miezi michache kabla ya mtihani wake niliitoa kompyuta ile kabatini kuikagua. Mimi hukagua kila kitu mara mbili, hata kufuli nililolifunga mwenyewe. Umeme siku ile ulikuwa unakatika na kurudi, unakatika na kurudi, na betri ilikwishakufa zamani. Kompyuta ikazimika ghafla ikiwa kazini.

Ilipowaka tena, kulikuwa na kitu kimepotea.

Niwaeleze kama nilivyoelezwa mimi. Diski ya kompyuta ile ilikuwa moja, lakini imegawanywa sehemu mbili, mfano wa ghala lenye vyumba viwili. Chumba cha kwanza kina mitambo ya kompyuta yenyewe. Cha pili ndimo Yunisi alimoweka sauti zake. Cha kwanza kilifunguka kama kawaida. Cha pili kilinijibu kwa swali: je, nifomati sehemu hii, yaani niisafishe ianze upya?

Nikabonyeza hapana. Nikazima, nikawasha. Swali lilelile.

Fundi wa kwanza alikuwa dada mmoja wa Dodoma mjini, Salma, anayewatengenezea kompyuta watu wa maofisini. Aliitazama kidogo tu, akaizima upesi.

"Sauti zipo, baba," akaniambia. "Kilichoharibika ni ramani ya kuzifikia. Sasa hivi kompyuta inapaona pale ni patupu. Ukiweka kitu kingine, kitakalia juu ya sauti, na hapo hata mimi sitaweza."

Akasema inatakiwa diski nyingine, tupu. Ataihamishia kila kitu kama kilivyo, halafu atatafuta kwenye nakala bila kuigusa ile ya asili. Akataja bei.

"Mimi nina diski moja mbovu," nikamwambia. "Kwa nini unataka kuniuzia nyingine?"

"Sikuuzii. Kanunue popote unapopenda. Ila bila hiyo siigusi."

"Basi punguza."

"Kwenye kazi yangu nimeshapunguza. Kwenye diski nitapunguza nini? Mimi siyo kiwanda."

Nikafanya ninachofanya siku zote. Nikabeba mzigo wangu, nikaondoka polepole ili aniite. Na kweli aliniita. Niligeuka nikiwa nimeshatabasamu.

"Usiandike chochote humo, baba. Hata picha moja."

Basi. Akarudi kwenye kazi yake.

Kwenye basi la kurudi nilijiambia yale ni maneno ya biashara. Muuzaji gani hakutishi kwamba ukienda kwa jirani utaharibikiwa?

Jirani mwenyewe alikuwa Meshaki, fundi wa simu na kompyuta pale Kibaigwa. Namwita mdogo wangu ingawa hatukuzaliwa pamoja. Yunisi alimfundisha darasani, na alipofiwa na mama yake alikula kwetu karibu mwaka mzima. Siku ya msiba wa Yunisi alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza.

"Hiyo kwangu kazi ndogo, kaka," akasema. "Sauti za shemeji zitarudi zote."

Hakutaka diski ya pili. Bei yake ilikuwa nusu ya Salma. Nami nikaikata ile nusu mpaka Meshaki akajishika kichwa.

"Kaka, wewe ukifika mbinguni utaomba punguzo la mlangoni."

Tukashikana mikono. Na hapa ndipo, wasomaji wenzangu, naomba msome taratibu...

Dalali hafungi biashara bila nyongeza. Ni desturi yetu. Ukinunua nyanya unaongezewa moja, ukinunua mahindi unamiminiwa kibaba cha juu. Asiyedai nyongeza tunamwona mgeni wa mji. Mkono wa Meshaki ukiwa bado ndani ya wangu, nikasema, "Na nyimbo. Unijazie nyimbo humo."

"Nyimbo zipi?"

"Zozote. Jioni zangu ni ndefu siku hizi."

"Haya, nitakujazia mpaka uchoke."

Neno la Salma lilinipitia kichwani wakati ule. Sitawadanganya. Nililiona linapita, nikaliacha lipite. Ningesema asiweke humo, angesema basi nyongeza hakuna, na mimi nilikuwa nimeshaipata. Ningewezaje kuirudisha?

Siku mbili baadaye akanipigia simu. Kazi imekwisha. Nilikwenda mbio. Kwenye kioo yalikuwepo majina yote: Ukimaliza la Saba, Siku ya Harusi, Kuhusu Baba Yako... Niliyahesabu, ishirini na sita. Nikayahesabu tena, ishirini na sita.

Sikusikiliza hata moja. Kiapo kilikuwa kiapo. Ila najiuliza mpaka leo. Sokoni sinunui gunia bila kulichoma bambo, lile bomba la chuma linalotoa punje za katikati, maana juu kila gunia ni zuri. Siku ile nilihesabu magunia nikaondoka. Ningeweza angalau kumwambia Meshaki asikilize yeye.

Jambo moja liliniwasha. Meshaki alinirudishia chenji yote bila ubishi, na hakunitazama usoni. Meshaki, ambaye chenji yake huwa unaidai kama mahari! Nikadhani amekumbuka msiba.

Siku hiyohiyo nilinunua flashi, kwa bei ya kwanza, nikanakili rekodi zote. Nililala vizuri.

Nyemo alimaliza mtihani, nikamfuata Buigiri. Nyumbani alioga, akavaa gauni aliloshonewa na mama yake ingawa lilikuwa limeshambana, akakaa mbele ya kompyuta. Safari hii aliniomba nisitoke. "Hii ya la saba ni yetu wote," akasema.

Nikabonyeza. Ikaanza salamu yake ya Kigogo.

"Mbukwa, Nyemo. Umekaa vizuri? Sasa umemaliza la saba, mwanangu. Kuna jambo nataka..."

Na hapo, katikati ya neno, ikalipuka ngoma ya singeli. Mwanamume anapiga kelele juu ya sherehe na mabinti. Hakukuwa na ufa wowote kati ya sauti ya mke wangu na ile kelele. Ilikuwa kana kwamba mtu amemziba mdomo.

"Baba, umebonyeza kingine," Nyemo akasema.

"Hapana, mwanangu."

"Rudia."

Nikarudia. Mbukwa, Nyemo. Umekaa vizuri? Kisha singeli. Alinyoosha mkono akaipapasa kompyuta pembeni, kwenye spika, kama mtu anayemtafuta aliyejificha.

Siku ile nilivunja kiapo. Nilifungua zote. Nyingine zilianza na Yunisi zikaishia na wimbo. Nyingine zilikuwa wimbo tangu mwanzo. Nyingine zilikuwa kimya, zinahesabu dakika bila mtu ndani. Flashi nayo, neno kwa neno, ilikuwa na maiti zilezile.

Nilimkuta Meshaki kibandani kwake. Sikupandisha sauti. Nadhani hilo ndilo lililomwogopesha.

Alieleza mwenyewe. Alifomati ile sehemu iliyoharibika, akamimina nyimbo zangu kwanza aone kama diski inashika. Halafu ndipo akaanza kuzitafuta sauti. Majina yakarudi yote.

"Ulisikiliza?" nikamuuliza.

"Moja."

"Ukasikia nini?"

Alikuwa anachezea bisibisi. "Nilimsikia shemeji anasema mbukwa. Halafu wimbo."

"Ukanyamaza."

"Ningesema ungenilipa, kaka?" Kisha akainua macho kwa mara ya kwanza. "Na wewe ulihesabu mwenyewe. Mara mbili. Ukasema zimetimia."

Mtu aliyekula mezani kwa Yunisi alisikia sauti yake inakatwa, akafunga kompyuta, akapokea hela. Huo ni usaliti, na sijamsamehe. Lakini kuhesabu, kweli, nilihesabu mimi.

Nilirudi kwa Salma na diski tupu mkononi. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Alikaa nayo wiki nzima, kisha akaniita. Nzima zilikuwa tatu: Jinsi ya Kupika Mlenda, Ukigombana na Rafiki, na ile ya kuvunja ungo ambayo Nyemo alikwishaisikia. Siku ya Harusi ilikuwa singeli tupu, mwanzo hadi mwisho.

"Kilichofukiwa juu hakifukuliki tena, baba," akasema. Nikamuuliza hali ya zile nyimbo. Sijui kwa nini niliuliza. Akatazama.

"Nyimbo zako zote ni nzima."

Nyumbani nilikuwa nimemwambia Nyemo kwamba fundi ndiye aliyeharibu. Ilikuwa kweli, kwa kipimo cha sokoni. Alilichukua jibu hilo, akajifunza kuishi na mabaki. Anajua kila rekodi inakatika wapi. Anakaa na kidole kwenye kitufe, anamsikiliza mama yake, na kabla wimbo haujaingia anabonyeza. Huwa namsikia kutoka chumba cha pili. Mara nyingine anachelewa kidogo.

Jioni moja akaniita. Alikuwa anasikiliza Kuhusu Baba Yako.

"Mbukwa, Nyemo. Umekaa vizuri? Baba yako anakupenda kuliko anavyojua kusema. Ila ana tabia moja, na ukikua lazima uijue, ili isije ikaku..."

Kidole kikabonyeza.

"Tabia gani, baba?"

Ningeweza kusema sijui. Nilikaa karibu naye, nikamweleza yote. Flashi niliyokuwa nangoja bei yake ishuke mama yake akiwa hai. Diski ya Salma. Onyo nililolisikia kwa masikio yangu. Na kwamba zile nyimbo hazikujileta... niliziomba mimi, bure, baada ya kila kitu kukubaliwa.

Nyemo hakulia. Aliuelekeza uso wake dirishani ambako haoni kitu, akikipapasa kile kitufe bila kukibonyeza.

"Basi mama alikuwa anakuja kusema hilo," akasema.

Wasomaji wenzangu, mimi si msomi wa kompyuta, ila kwa gharama hii nimejua mambo machache. Mahali kompyuta inapokuonyesha patupu huenda pana mtu wako amelala. Ikiharibika, izime, usiweke kitu, mpelekee anayekuambia ukweli hata kama bei yake inauma. Na ukirudishiwa, usihesabu majina. Sikiliza.

Ninyi wenzangu wa sokoni hasa, mnaojisifu kwamba hampigwi bei, nawaomba. Tubishane juu ya mahindi, mwakani yatalimwa mengine.

Lakini kama leo kuna sauti ya mtu wako iko mahali pamoja tu, kwenye simu, kwenye kompyuta, popote, nenda kainakili. Usingoje bei ishuke.