Maua Yaliyonusurika

Tijani, mkata nyama, alipofungua chumba cha baridi asubuhi ya siku ya tatu ya Idi, harufu ilitoka polepole, nzito na ya uvuguvugu, ikamzunguka kama shuka. Alirudi nyuma, aproni puani. Nyama, samaki na jibini, vyote vilikuwa vimeoza. Soko la Zouari, duka kubwa ambalo nusu ya mji wa Nabeul ilinunua humo kwa miaka thelathini, halikuwa na kitu cha kuuza kinachohitaji baridi.

Inspekta Hayet Mzoughi alifika ukungu wa bahari ukiwa bado umeulalia mji. Ulikuwa msimu wa maua ya mdanzi, ule mchungwa mchungu, na hata uvundo ule haukuweza kuishinda kabisa harufu yake. Alitembea kati ya rafu taratibu, kama mtu aliye nusu usingizini. Swichi ya vyumba vya baridi ilikuwa imeshushwa. Hakuna kufuli lililovunjwa. Karibu na mlango wa mbele, kreti za soda zilikuwa zimerundikwa sakafuni.

"Mmeshusha mzigo leo?" aliuliza.

"Mzigo gani, Afande?" Tijani alisema. "Mkesha wa sikukuu nilipiga deki hapo mwenyewe. Sakafu iling'aa."

Mwenye duka, Mzee Beshir Zouari, alikuwa amekaa kwenye kiti cha keshia. Bintiye Olfa, meneja, alisimama nyuma yake, mkono begani mwa baba.

"Umeme ulikatika siku ya kwanza ya Idi," mzee alisema. "Mwaka huu kila kitu kinakatika. Sukari hakuna, kahawa hakuna, maziwa yakija yanagombaniwa. Wateja wananitukana mimi, kana kwamba ng'ombe nimewaficha mimi."

"Umeme haushushi swichi, mzee."

Olfa alielekeza kidole dirishani. Ng'ambo ya mzunguko wa barabara, duka jipya lilikuwa likielea ukunguni na taa zake, milango ikijifungua na kujifunga yenyewe. "Unahangaika bure, Afande. Tangu wale waje, wamechukua wateja, wamechukua wafanyakazi. Sasa wamekuja kuchukua na roho. Mlinzi wetu alimwona Kais uani siku ya Idi."

Kais Ferjani alikuwa fundi umeme wa Zouari kabla ya kuvuka barabara. Polisi wawili walimfuata huko, wakampitisha katikati ya wateja, pingu mikononi.

"Ulifanya nini uani?" Hayet alimuuliza kituoni.

Kais alitazama meza. "Nilimpelekea Ami Tijani keki za sikukuu. Kila Idi tulikula pamoja."

"Tijani hakusema."

"Atasemaje? Bi Olfa amewakataza hata kutusalimia. Sisi wasaliti."

"Funguo za ndani unazo?"

"Nilirudisha siku niliyoondoka. Afande, swichi iko ndani. Ningepita wapi, kwenye bomba?"

Tijani, alipoulizwa tena, alikiri huku machozi yakimlenga. Keki walikula pamoja. Wenye funguo walikuwa watatu tu: yeye, mzee na Olfa.

Hayet alirudi dukani mchana. Ukungu ulikuwa umeondoka, ila ndani mlikuwa na ukimya wa ndotoni, rafu ndefu zikisubiri watu ambao hawakuja. Aliitazama ile soda sakafuni, kisha akafungua jokofu ambamo ilipaswa kuwa.

Harufu ilimjia usoni hadi akafumba macho. Jokofu lilijaa mifuko ya maua ya mdanzi, meupe, mabichi kama yamechumwa alfajiri ile.

"Ya nani haya?"

"Ya akina mama wa mashambani," Mzee Beshir alijibu. "Kila msimu tunawahifadhia mpaka wapike marashi yao. Lakini hukaa chumba cha baridi. Haya majokofu ya mbele yana laini yake ya umeme, mbali na vyumba..."

"Kwa hiyo aliyeshusha swichi alijua nini hakitazimika," Hayet alisema. "Mwizi hahamishi maua ya watu. Mshindani hajui hata kama yapo. Tijani angekuwa yeye, asingenitajia ile sakafu. Na mzee hapa ndiyo kwanza anayaona. Bi Olfa, ulitoa soda kwa mikono yako siku ya sikukuu?"

Olfa alikaa juu ya kreti.

"Wale mama hawana kingine," alisema kwa sauti ndogo. "Nyama ni yetu. Maua si yetu."

"Kwa nini, binti yangu?" mzee aliuliza.

"Unaniuliza mimi? Uliwaalika wale wa ng'ambo ya barabara waje kukagua, ili uwauzie. Hukuniambia. Nimesikia kwa mlinzi! Nikasema waje wakute uozo, wakimbie. Tungebaki na duka letu."

"Walikuja asubuhi hii. Waliziba pua," Beshir alisema, "na bado wanataka. Hawana haja na nyama, Olfa. Wanataka kiwanja. Sikukwambia kwa sababu ungenitazama hivi unavyonitazama. Nimechoka. Moyo wangu hauwezi vita tena."

Olfa alilia bila sauti, kama mtoto aliyeamshwa kabla ya ndoto kwisha.

"Nyama ni yenu," Hayet alisema, "lakini kuna mtu umemwacha akafungwa pingu kwa kosa lako. Hilo halitaishia humu ndani."

Kais aliletwa. Olfa alimsimulia yote akiwa amesimama. Kais alisikiliza, akisugua kifundo cha mkono.

"Nisamehe," Olfa alisema.

"Hapa? Mbele ya rafu?" Kais alitikisa kichwa. "Mimi nilipitishwa mbele ya mji mzima. Mke wangu yuko foleni ya sukari kule dukani, anasikia watu wananiita mharibifu. Vuka barabara ukaseme kule."

Olfa alimtazama baba yake, kisha Inspekta. Hakuna aliyemzuia. Tangu duka lile lifunguliwe alikuwa hajawahi kukanyaga kizingiti chake. Alitoka, akapita kati ya magari, na milango ikamfungukia yenyewe. Ndani watu walikuwa wamejipanga na vikapu. Baadhi walimtambua, wakaanza kunong'ona.

"Mimi ni Olfa Zouari," alisema, lakini sauti haikufika mbali. Akaanza upya kwa nguvu, ili wa mwisho kwenye foleni naye asikie. "Kais hana kosa. Aliyeharibu ni mimi."