Matairi Mawili ya Kushoto

Kila asubuhi, kabla hata ya kunywa chai, dereva wa zahanati alilizunguka gari lake kama mzazi anayemkagua mtoto kabla ya kumpeleka shule. Aliinama, akapapasa matairi kwa kiganja, akachokonoa vijiwe vilivyonasa kwenye mifereji na kutazama ubavuni kama kuna mchubuko. Nyuma yake alifuata binti yake wa darasa la sita, akiwa na geji ya upepo mkononi. Tangu likizo ianze, kazi ya kupima upepo ilikuwa yake, na aliifanya kwa mbwembwe hadi wafanyakazi wa zahanati wakambandika jina la Geji. Alilipenda jina hilo kupita kiasi. Ukimwita kwa jina la shuleni, alijifanya hasikii.

"Kwa nini tunapima asubuhi?" dereva, ambaye ndiye mama yake, alimuuliza, ingawa alilijua jibu.

"Kwa sababu tairi likishatembea linapata joto, na joto linapandisha upepo. Geji itakuonyesha namba kubwa ya bure."

"Na spea?"

"Nimeipima, mama. Ukisimama vibaya nitakupima na wewe."

Mama alicheka. Alikuwa na furaha wiki hiyo, maana gari lilikuwa limevishwa matairi mapya. Yale ya zamani yalikuwa kipara kitupu, yakiteleza hata kwenye umande. Dukani, muuzaji alikuwa amewasifia tairi moja pana, lenye meno makubwa ya kutisha. "Hili hata bila upepo linakwenda!" alisema, akilipiga teke kuonyesha ubabe wake. Mama hakununua maneno. Aliuliza linabeba uzito gani, lilitengenezwa mwaka gani, na kama halitakwaruza bodi usukani ukikatwa wote. Mwishowe alichagua tairi la wastani, lenye meno ya kutosha kwa matope na mbavu nene kwa ajili ya mawe, lakini lililotulia kwenye barabara ngumu. Geji aliyasikia yote hayo kwa makini. Bahati mbaya, maneno ya muuzaji ndiyo yaliyomkaa kichwani.

Chai ilikuwa haijapoa nesi alipokuja mbio. Mwashi mmoja alikuwa ameanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, ng'ambo ya mto mkavu, na mfupa wa paja ulikuwa umevunjika. Msaidizi wa dereva alikuwa mgonjwa kwao. Mama alimtazama nesi, nesi akamtazama Geji.

"Panda," mama alisema. "Lakini leo hakuna mchezo."

Geji alikaa kiti cha mbele kushoto, kifua mbele.

Mto ule haukuwa na maji miezi mingi ya mwaka, ila mchanga wake ulikuwa mwingi na laini kama unga. Gari lenye matairi yaliyojaa lingezama humo hadi tumboni. Kwa hiyo ukingoni mama alisimamisha gari, wakapunguza upepo matairi yote manne ili yatanuke na kuukanyaga mchanga kwa upana. Hapo mama alikuwa na desturi yake. Vifuniko vya valvu viliingia mfukoni mwa aliyepunguza upepo, na havikurudishwa mahali pake hadi upepo urudishwe. Valvu ikiwa uchi, kila mtu alijua kazi bado. Siku hiyo vifuniko viliingia mfukoni mwa Geji.

Walivuka salama. Walimkuta mwashi amelazwa kivulini, uso umemlowa jasho, lakini mdomo haukuwa umevunjika. "Taratibu jamani," aliwaambia waliombeba, "mimi si mfuko wa saruji." Nesi aliufunga mguu kwa mbao, wakamlaza nyuma ya gari ili wampeleke hospitali, wakaurudia mchanga. Walipovuka tena hadi ukingo walikotokea, pale barabara ngumu ya changarawe inapoanza, mama alisimama tena.

"Geji, chukua pampu, jaza yote manne. Mimi namsaidia nesi, mbao zimelegea."

Pampu yao ilikuwa ndogo, ya kuunganishwa kwenye betri ya gari. Ilinguruma kama mtu mzima anayekoroma. Geji alijaza tairi la mbele kulia, akapima. Akajaza la nyuma kulia, akapima. Alipoiunganisha kwenye la mbele kushoto, pampu ilikoroma kidogo, ikanyamaza. Aliigusa, akaondoa mkono haraka. Ilikuwa imepata moto na kujizima yenyewe. Dawa yake aliijua: iachwe ipoe, kisha iendelee.

Lakini nyuma ya gari mwashi alipiga ukelele mbao zilipokazwa, na nesi akasema, "Twende, twende, huyu hatakiwi kukaa hapa." Geji aliitazama pampu. Aseme pampu imezima? Watasema wangekuja na mtu mzima. Alikumbuka yule muuzaji akilipiga teke tairi na kusema hata bila upepo linakwenda.

"Geji! Umemaliza?"

"Ndiyo, mama."

"Vifuniko?"

"Nimefunga."

Navyo kweli alivifunga, vyote vinne. Mama alitoka nyuma, akapita upande wa kulia, upande wa usukani, ambako matairi mawili yalikuwa yamesimama imara. Ya kushoto hakuyaona. Akapanda, akawasha gari.

Mwanzoni hakuna kilichotokea, na Geji akajipa moyo. Matairi ni mapya, alijiambia. Yana mbavu nene. Hospitali si mbali sana. Barabara ilianza kupanda mlima, mama akaongeza mwendo. Upande wa kushoto ukingo wa barabara ulikatika ghafla. Kutoka dirishani Geji aliona vilele vya miti vikiwa chini yake, na chini zaidi aliona mawe ya bondeni. Hakukuwa na ukuta wala nguzo ya kuzuia chochote.

"Mbona gari linavuta kushoto?" mama alisema, akiurudisha usukani.

Geji aligeuzia uso dirishani.

Kona iliyofuata, gari liliyumba kama linalotaka kulala. Mama akaurudisha usukani tena, safari hii kwa mikono miwili. "Labda ni barabara," alijisemea. Geji alijua si barabara. Chini ya miguu yake alisikia mtetemo mzito, tairi likijikunja na kujikunjua kila lilipozunguka. Alijua tairi laini kwenye barabara ngumu hupata joto, na joto likizidi, ubavu hupasuka. Alikuwa ameulizwa swali hilo hilo na mama wiki iliyopita, akalijibu bila kukosea hata neno.

Sema, alijiambia. Akafungua mdomo.

"Mama Geji, tafadhali usipunguze mwendo," nesi alisema kutoka nyuma. "Vidole vya mguu vimeanza kuwa baridi. Damu haifiki vizuri. Tukichelewa anaweza kuupoteza mguu huu."

Mdomo wa Geji ukafungika. Sasa aliogopa mara mbili. Akisema, gari litasimama, na mwashi atapoteza mguu kwa sababu yake. Asiposema, tairi litapasuka kwenye kona, na wote wanne watakwenda kulala na yale mawe. Aliushika mkanda wa kiti kwa nguvu. Aliomba kimoyomoyo hospitali isogee. Machozi yalimjaa machoni, lakini aliyazuia yasianguke, kwani mama angeuliza yanatoka wapi.

Ndipo harufu ilipoingia. Ilikuwa ya mpira unaoungua. Ilikuja kidogo, ikapotea, ikarudi nzito zaidi.

"Nani anachoma takataka mlimani?" mwashi aliuliza kwa sauti dhaifu.

Mbele yao Geji aliona kona kali kuliko zote, ikipinda kulia, na kushoto kwake hewa tupu.

"Mama, simama!" Sauti ilimtoka kwa nguvu hata yeye akashtuka. "Simama! Matairi ya kushoto hayana upepo! Nilidanganya! Mama, simama!"

Mama hakuuliza. Hakukanyaga breki kwa kishindo, maana angefanya hivyo gari lingejirusha. Aliondoa mguu kwenye mafuta, akaushika usukani, akaliacha gari lipoteze mwendo, kisha akalibana taratibu upande wa mlima. Lilisimama kabla ya kona.

Mama alishuka, akazunguka. Tairi la mbele kushoto lilikuwa limebonyea, ubavu wake umechubuka pande zote, na mpira umeanza kuchanika. Aliusogeza mkono, joto likamfukuza kabla hajagusa. Aliponyanyuka, macho yake yalimtisha Geji kuliko bonde.

"Uliniambia umemaliza."

"Pampu ilizima, mama. Niliogopa kusema. Walikuwa wanasema twende..."

"Nikakuuliza. Kwa mdomo wangu, nikakuuliza!"

"Mama Geji," mwashi aliita kutoka ndani. "Mpe spana kwanza, mengine baadaye. Na mimi asubuhi niliona ubao wa jukwaa una ufa. Msimamizi akauliza, kila kitu sawa? Nikasema sawa, nisije nikaonekana mwoga. Haya, nitazame sasa nilivyo shujaa."

Mama alishusha pumzi. Kisha akaanza kutoa amri fupi fupi. Geji alitafuta mawe makubwa na kuyaweka kwenye magurudumu ya upande wa pili ili gari lisiserereke. Mama alilegeza nati, akapandisha jeki, akalitoa tairi lililoharibika na kuliweka spea. Nesi alilegeza kitambaa kilichokuwa kimebana mguu, akavisugua vidole na kuvifunika. Lile la nyuma kushoto walilitazama ndani na nje. Lilikuwa na joto lakini halijachubuka, kwani uzito wa injini na kona vilikuwa vimelielemea lile la mbele. Waliliacha lipoe kidogo, kisha Geji akaunganisha pampu, ambayo sasa ilikuwa imepoa kabisa.

Nesi alichungulia. "Tayari?"

Geji alitazama geji. Mwashi aliguna nyuma yake. Alijua kila mtu anamsubiri yeye.

"Bado," alisema.

Hakuna aliyemgombeza. Pampu iliendelea kukoroma. Nesi aliuliza tena, akajibiwa tena, "Bado." Alipolichomoa bomba, mama alichukua geji akapima mwenyewe, yote manne, ndipo akapanda.

Hospitalini mwashi aliingizwa ndani moja kwa moja. Geji alikaa kwenye benchi la ukumbini, mikono imejaa vumbi jeusi la mpira, akiukodolea macho mlango. Kila ulipofunguka alisimama, kila ulipofungwa akakaa. Aliwaza mtu akijenga nyumba kwa mguu mmoja, na machozi aliyoyazuia mlimani yakatoka yote. Nesi alipotokea, Geji alishindwa kumtazama.

"Mguu umenusurika," nesi alisema. "Utachukua muda, lakini atautembelea. Daktari anasema ingekuwa vibaya zaidi tungechelewa kidogo tu."

Geji aliomba aingie. Mwashi alikuwa ameshapewa dawa ya maumivu na macho yalikuwa mazito.

"Nisamehe, mjomba. Nilidanganya, ukaumia zaidi."

"Ulidanganya, ndiyo," mwashi alisema. "Halafu ukasema kweli tungali hai wote. Wengi wetu husema baada ya kuanguka. Nenda kwa mama yako, mimi nataka kulala."

Mama alikuwa ameketi kwenye ngazi za nje, karibu na gari. Geji alisimama mbele yake akisubiri adhabu. Mama hakuwa na haraka. Alimvuta akae.

"Na mimi nina kosa," mama alianza. "Niliuliza vifuniko badala ya kuyatazama matairi. Mtu mzima hamwachii mtoto roho za watu na kwenda zake. Kuanzia leo, wewe utajaza, mimi nitapima. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Sasa nisikilize vizuri. Pampu kuzima si kosa lako. Kuogopa pia si kosa. Ungesema imezima, tungesubiri kidogo, basi. Lakini ulipojibu ndiyo, ulinifumba macho, nikatuendesha wote wanne nikiwa sioni. Ukiwa na hofu ya kusema kweli, mwanangu, usisubiri hofu iishe. Haitaisha. Sema hivyo hivyo ukiwa na hofu, kama ulivyosema mlimani. Pale ndipo ulipotuokoa."

Geji aliitikia kwa kichwa. Halafu akauliza kwa sauti ndogo, "Wewe hukuogopa, mama? Ulishika usukani kama kawaida."

Mama alinyoosha mikono yake, ile mikono iliyolituliza gari ukingoni mwa bonde, akaiweka juu ya magoti ya binti yake. Ilikuwa inatetemeka yote miwili. Geji aliishika, na wakakaa hivyo mpaka ikatulia.