Mkono wa Wembe Kwenye Ndevu za Baba

"Vaa barakoa, mume wangu, au mwache huyo mteja aende zake."

Wembe, kinyozi wa mtaa mzima, alikuwa ameshika mashine kwa mkono wake wa kushoto, na nusu ya ndevu za mteja zilikuwa zimeshadondoka sakafuni. Hakugeuka.

"Aende wapi na nusu ndevu?"

Watu wakacheka. Saluni yao ni chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia: upande wa barabarani Wembe ananyoa, upande wa ndani mkewe anasuka. Siku hiyo pazia lilikuwa wazi, kwa hiyo ugomvi ukapata watazamaji pande zote mbili.

"Mimi sicheki," mkewe alisema, barakoa imempanda mpaka chini ya macho, chanuo mkononi. "Serikali imesema, madaktari wamesema, na mimi mkeo nasema."

"Wote mmesema. Ila hakuna aliyesema ndevu zinanyolewaje chini ya kitambaa."

"Mteja atavua yake. Wewe ndiye unayewapumulia watu usoni kutwa nzima."

"Kumbe pumzi yangu ina sumu. Na wewe unayelala nayo kila siku mbona hujafa?"

Hata akina mama waliokuwa wakisukwa wakaangua kicheko. Mke akaona amegeuzwa kichekesho kwenye saluni yake mwenyewe, na hasira ikampanda.

"Haya, wateja wangu. Anayependa uhai wake aje upande huu. Anayetaka kuambukizwa na mtu mbishi, kiti ni kile pale."

Nisimtetee hapo. Kumtangaza mume mbele ya wateja wake kama vile yeye ndiye ugonjwa, hapana, alivuka mpaka. Lakini Wembe naye hakuwa wa kukubali yaishe. Akainua mashine juu.

"Sikilizeni jamani. Kwenye kiti changu mtu atapumua hewa yote aliyopewa na Mungu. Barakoa haitakaa usoni pangu."

Wanaume wakapiga makofi. Mmoja wao alikuwa anarekodi, na jioni video ilikuwa imeshafika kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Wengine wakaandika, "Wembe ndiye mwanamume peke yake aliyebaki." Wengine wakaandika, "Mkewe ana akili kuliko ninyi wote." Watu waliokuwa wakiazimana sukari wakaanza kurushiana maneno.

Haukupita muda amri ikatoka: saluni zote zifungwe, watu wakae ndani. Mume na mke wakabaki wanatazamana kwenye vyumba vyao viwili, chai inanywewa kimya. Na Wembe akaanza tabia mpya. Mara kwa mara alichukua begi lake na kutoka.

"Unakwenda wapi?"

"Kutafuta mkate."

Mkate wenyewe ulimchukua nusu siku.

"Huo mkate ulikuwa unaukanda mwenyewe?" mkewe aliuliza siku moja.

"Foleni, mke wangu. Watu wanasimama mbali mbali."

Mke aliguna tu. Mawazo yake yalikuwa kwingine. Baba yake alikuwa akiishi peke yake, mitaa michache kutoka pale, na mapafu yake yalikuwa yameharibiwa na vumbi la kiwanda cha saruji alikofanya kazi ujana wake wote. Amri iliruhusu mtu kwenda kumhudumia mzazi, lakini yeye alijiwekea amri yake, kali zaidi. Hakukanyaga kwa baba. Mahitaji yalipelekwa na mwenye duka jirani, akaacha mlangoni. Binti akabaki na simu, na moyo ukimuuma.

Na simu yenyewe ya video ilikuwa mtihani, maana mzee aliishika vibaya kila mara, ukaongea na paji la uso au na dari. Ila asubuhi moja aliiegemeza mahali, sijui kwenye birika, na uso wake wote ukaonekana.

"Baba, hebu geuka kulia."

"Kulia kuna nini?"

"Geuka tu, baba. Haya, na kushoto. Nani amekunyoa?"

"Nimejinyoa."

"Baba, mikono yako inatetemeka hata kushika kikombe."

"Basi zimejinyoa zenyewe."

Binti akasogeza simu karibu na macho. Wembe ananyoa kwa mkono wa kushoto, na tangu aanze kazi mstari wa ndevu upande wa kulia humpandia juu kidogo. Wateja hawauoni. Mkewe anauona hata mtu akiwa ng'ambo ya barabara, na miaka yote amekuwa akimtania kwa huo. Sasa ulikuwa kwenye shavu la baba yake.

Akakata simu bila kuaga.

Wembe alipoingia na mkate wake, alimkuta mkewe amesimama katikati ya chumba.

"Umemnyoa baba yangu."

Wembe akauweka mkate mezani taratibu.

"Nani kasema?"

"Ndevu zake. Mkono wako naujua." Akamsogelea hatua moja. "Mimi mwanawe nimejinyima hata kumshika mkono. Kila siku natamani kwenda, najizuia. Halafu wewe, uliyeapa mbele ya mtaa mzima, unaenda kumpumulia usoni?"

"Mke wangu, ngoja nikueleze."

"Utanieleza nini? Baba akikohoa tu, mimi na wewe basi. Nasema kweli. Utachukua nguo zako."

Hakuwa anatishia tu. Wembe aliyaona macho yake, akajua kabisa kwamba ndoa yake sasa inategemea kifua cha mzee mmoja. Akafungua mdomo, simu ikaita. Alikuwa baba mkwe. Mke akaweka sauti ya juu.

"Binti yangu, usimfukuze mtu."

"Baba, umejuaje?"

"Umenikatia simu bila kuaga. Mama yako alikuwa hivyo hivyo. Sikiliza. Nilimwita mimi. Ndevu zilikuwa zinaniwasha, najikuna mpaka natoka damu. Nikampigia mkwe wangu."

"Na akaja bila barakoa, akakuinamia."

"Amekuja na mbili. Moja juu ya nyingine, sura nzima imebaki macho. Ananiweka barazani kwenye upepo, ananikataza kuongea mpaka amalize. Umri huu, nyumbani kwangu mwenyewe, naambiwa ninyamaze. Na sabuni yangu ameimaliza kwa kunawa."

"Mbona hamkuniambia?"

"Ungelia, halafu ungekataza. Haya, mimi naenda kunywa chai. Sikohoi, kama ndilo unalotaka kujua."

Simu ikakatika. Wembe alikuwa anatazama sakafu kama mtoto aliyefumaniwa na sukari.

"Mbili?" mkewe aliuliza.

"Moja niliona haitoshi. Ni baba yako yule."

"Na mtaani unatembea uso wazi."

"Nilishasema mbele za watu, wakapiga makofi. Ningeyameza vipi? Kila nikitaka kuivaa nakumbuka ile video." Akainua macho. "Na wewe ulikuwa umeshanitangaza, mke wangu. Iliniuma."

"Hapo nilikosea. Ningekuvuta pembeni nikuambie tukiwa wawili. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Mimi nimekosea zaidi."

"Kuna watu wanatembea bila barakoa kwa sababu wewe ulisema. Nao wana baba zao."

Wembe akaitoa simu mfukoni, akaigeuzageuza.

"Watanicheka."

"Watakucheka, ndiyo. Na mimi nitakuwa hapa."

Akabonyeza, akatuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la mtaa:

"Jamani, Wembe hapa. Ile siku nilisema barakoa haitakaa usoni pangu. Niliwadanganya. Kuna mzee mmoja namnyoa, nikimwambukiza sitaweza kumtazama mke wangu tena, na kwake navaa mbili. Sasa ninyi wateja wangu nawapenda kidogo kiasi gani hata niwanyime moja? Saluni ikifunguliwa mtanikuta nimevaa. Atakayenicheka nitamnyoa na nyusi."

Kundi likalipuka kwa vicheko. Mtu akaandika, "Kwa hiyo mke kashinda?" Wembe akajibu kwa neno moja, "Kashinda." Mkewe alilisoma juu ya bega lake. Kisha akauliza polepole:

"Yukoje?"

"Nani?"

"Baba. Ukiwa karibu naye."

"Amepungua kidogo. Nywele za kisogoni zimekuwa laini kama za mtoto. Na anauliza habari zako kabla hata sijatoa taulo."

Machozi yakamjaa. "Nakuonea wivu, ujue. Wewe umemshika kichwa."

"Kesho nimemwahidi kumpunguza nywele. Twende wote. Barazani, umevaa, upepo unapita. Umchane, mimi ninyoe."

"Siku hizi wewe ndiye unayenipangia masharti?"

"Nimefundishwa na mtu mkali."

Kesho yake mzee alikaa kwenye kiti barazani, taulo mabegani, akamtazama binti yake bila kusema neno, kama alivyoagizwa. Alitabasamu tu mpaka mashavu yakakunjamana. Binti akapita nyuma yake, akaweka chanuo kwenye nywele, na kiganja cha mkono mwingine akakilaza juu ya kichwa. Kichwa kilikuwa na joto. Mzee akainua mkono wake unaotetemeka, akaufunika wa mwanawe.

Binti akalia. Alilia kimya, mabega yanacheza, barakoa yote ikaloa.

Wembe akazima mashine.

"Hiyo imeloa," alisema kwa upole. "Ikiloa haifai tena." Akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa nyingine, safi, iliyokunjwa vizuri ndani ya karatasi. "Sogea kule penye upepo ubadilishe. Unawe mikono kwanza, ushike kamba tu."

Mkewe akamtazama, huyu mbishi wa mtaa mzima, amesimama na barakoa zake mbili anamnyooshea ya tatu. Alitaka kucheka na alitaka kumkumbatia. Akaipokea. Akaenda, akanawa, akabadilisha, akarudi. Safari hii alisimama karibu sana na mumewe, bega kwa bega, na akaendelea kumchana baba yake.