Mota ya Ettore

Haya yalimpata rafiki yangu Loris, fundi wa majiko huku kwetu milimani Cadore. Yeye kudanganya hajui. Bingwa ni mimi. Alimtaka mjane Ornella, ila marehemu mumewe, Ettore, alimtia wivu hadi usingizi ukampaa. Kwenye jiko la Ornella, mota ya kusukuma chembe za mbao motoni aliifunga Ettore mwenyewe, hivyo ilipokufa Loris alifurahi. Akaing'oa, akaitupa mezani, akafunga mpya. Ikagoma.

"Ya Ettore wangu haikuwa na maringo, bwana fundi," Ornella alimchokoza.

"Basi mwite aje aitengeneze."

Loris akazima umeme wa nyumba nzima ili akague waya. Gizani kukasikika grr, grr.

"Afadhali, imekubali," Ornella alisema.

Loris akaigusa mota mpya. Ilikuwa imetulia. Akapapasa mezani. Ile ya zamani ilikuwa ya moto, bila waya wowote, nayo inazunguka.